Mahindi ya Nguruwe

Chepchirchir alitia mkono ndani ya gunia akakuta joto. Halikuwa joto la jua, maana jua lilikuwa halijaonekana Chebunyo kwa siku nyingi. Lilikuwa joto la kitu kilicho hai, kama kwapa la mtu mwenye homa. Alipoutoa mkono, vidole vilikuwa vimepakwa vumbi la kijani lililonata, na punje tatu zilikuwa zimeshikana kwa utando mweupe kama mate yaliyokauka. Akapangusa mkono kwenye leso, kisha akaivua ile leso na kuitupa nje mlangoni.

Mvua ya mwaka huo ilikuwa imekataa kuondoka. Kila asubuhi alitandaza mahindi kwenye turubai, na kabla ya saa sita alikuwa anakimbia kuyakusanya. Siku ya tisa alichoka. Akayatia kwenye magunia yakiwa bado hayajalia kama kokoto chini ya jino, akajiambia yatajikausha yenyewe ndani ya stoo. Hayakujikausha. Nusu nzima ya stoo iliharibika, na harufu yake ikavuka ukuta hadi chumbani: harufu ya kibuyu kilichofungwa na maziwa ndani kikasahaulika msimu mzima.

Miaka ya nyuma asingehangaika. Mahindi yaliyoharibika yalikuwa na njia yake, na kila mama wa pale aliijua. Yaliyoguswa kidogo yalioshwa, yakaanikwa, yakasagwa unga wa ugali. Yaliyozidi hapo walipewa ng'ombe na kuku. Na yale meusi kabisa, yanayopeperusha vumbi ukiyamimina, yalipelekwa ng'ambo ya kijito kwa Caren aliyepika busaa, pombe ya kienyeji. Hakuna aliyeyaita mabovu. Yaliitwa "ya Caren".

Lakini miaka miwili kabla ya hapo, mumewe Aron alikuwa ameanza kukwama na chakula. Kwanza ilikuwa nyama. Kisha ugali, kisha uji, na mwishowe hata mate yake mwenyewe hayakushuka. Alikuwa akiyatema kwenye kopo la rangi lililowekwa kando ya kitanda. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mtu wa kubeba gogo peke yake. Hospitalini walisema ni kansa ya koo la chakula, na kwamba wamechelewa.

Ni huko wodini ambapo muuguzi mmoja, Sista Janeffer, alivuta kiti karibu na Chepchirchir akiwa na karatasi mapajani.

"Mama Dorine, nyumbani chai mnakunywa ikiwa moto?"

"Chai si ni ya moto, sista. Ile imepoa ni ya nani?"

"Mboga na matunda je?"

"Sukuma tunakula. Matunda ni ya watoto."

"Pombe anakunywa?"

"Kidogo," alisema Chepchirchir, akiangalia sakafu.

"Na mahindi ikishika kuvu, mnafanya nini?"

"Tunaosha."

Janeffer aliacha kuandika. "Kuosha haiondoi sumu yake, mama. Hata moto ya jikoni haiiui. Imeshaingia ndani ya punje."

"Kwa hivyo ni hiyo imemshika?"

"Siwezi kukudanganya niseme ni hii ama ni ile. Kansa haiachi jina ya mwenye aliileta. Pombe inaongeza hatari. Sigara inaongeza. Chai ya kuchoma koo inaongeza. Mahindi ya kuvu tunaishuku sana. Mboga na matunda inapunguza. Kuna mtu atakula vizuri na bado apate, na kuna mwenye atakula vibaya azeeke. Lakini uko na watoto. Fanya ile unaweza."

Aron alizikwa mwezi uliofuata, mwepesi kiasi kwamba wabebaji wanne waliona haya kulibeba jeneza bila kutoa jasho. Na Chepchirchir akafanya alichoweza. Chai ikaachwa mezani mpaka kikombe kishikike kwa kiganja kizima. Akapanda mboga za managu na saga nyuma ya jikoni, na mipapai miwili ambayo mmoja uliuawa na baridi. Majirani walimcheka wakasema mjane wa Aron anakunywa maji ya kunawa. Yeye akawaacha wacheke.

Kwa hiyo siku ile aliyokuta joto ndani ya gunia, hakuwa mjinga. Hilo ndilo lililomuuma baadaye: hakuwa mjinga.

Isaiah alifika na pikapu yake wiki hiyohiyo. Alikuwa broka wa mahindi, mwimbaji wa kwaya, mtu wa viatu vinavyong'aa hata kwenye matope. Aliuma punje moja, akatema, akafuta ulimi kwa kitambaa.

"Hii ni ya nguruwe, Mama Dorine. Kuna mtu ako na nguruwe mingi upande ya Sotik. Atachukua yote."

"Ya nguruwe kweli?"

"Sasa wewe unafikiria nitakula mimi?"

Akacheka. Chepchirchir naye akacheka. Swali la pili lilikuwa tayari mdomoni mwake: huyo mtu wa nguruwe anaitwa nani? Akalimeza, likashuka bila kukwama. Vijana wa Isaiah wakapakia magunia, na jioni hiyo akafagia stoo akiwa amejifunga kitambaa puani, akafurahi kwamba uchafu umetoka kwake.

Wiki tatu baadaye ilikuwa siku ya wazazi katika shule aliyosoma binti yake Dorine, shule ya bweni ya wasichana upande wa Silibwet. Dorine alikuwa fomu tatu. Chepchirchir alitoka mapema akiwa na kapu la ndizi na kibuyu cha maziwa ya mursik, na kwa kuwa alifika kabla ya wengi, akaenda jikoni kusaidia kama akina mama wanavyofanya.

Mpishi mkuu alikuwa Bilhah Nyabate, Mkisii mwenye mikono minene na sauti ya kuamrisha, ambaye mumewe alichuma chai kwenye shamba moja kubwa karibu na Kericho. Alimpokea vizuri, akampa kisu na beseni la vitunguu.

"Kata mingi, mama. Kata zaidi. Hapa vitunguu ndio dawa."

Masufuria matatu makubwa yalikuwa yakichemka githeri ya mahindi na maharagwe. Chepchirchir alikata vitunguu mpaka macho yakatoka machozi, na hata hivyo, chini ya vitunguu, chini ya binzari na mafuta, kulikuwa na kitu kingine. Ilikuwa harufu aliyoijua. Alisimama akachungulia sufuria. Povu lililokuwa likielea juu lilikuwa la kijivu, zito, na lilikuwa likipasuka polepole kama malengelenge. Bilhah alilikusanya kwa upawa akalimwaga kwenye mtaro bila kuliangalia, jinsi mtu anavyomwaga maji ya chumbani kwa mgonjwa.

"Niletee chumvi kwa stoo," alisema Bilhah.

Stoo ilikuwa na giza. Chepchirchir alitafuta chumvi kwa kupapasa, na mkono wake ukagusa kitambaa ambacho hakikuwa gunia. Akafungua mlango zaidi ili mwanga uingie. Kilikuwa kiraka cha zambarau, kimeshonwa kwenye gunia kwa uzi wa kijani, mishono mikubwa ya mtu mwenye haraka. Alikuwa amekishona yeye mwenyewe. Kilikatwa kwenye sketi ya Dorine ya shule ya msingi.

Akafungua mdomo wa gunia. Juu mahindi yalikuwa mazuri, meupe, makavu. Akachimba. Kina cha kiganja kimoja tu, vidole vikakuta lile joto.

Hakumbuki alivyotoka. Alijikuta ameinama kwenye ua wa misonobari nyuma ya jikoni, akitapika chai ya asubuhi, na ilipokwisha akatapika maji ya njano, na yalipokwisha akaendelea kutapika bila kitu. Mkono ulioingia ndani ya gunia aliushikilia mbali na mwili kana kwamba si wake.

"Wewe uko na mimba ama nini?" Bilhah alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha maji.

"Hayo mahindi ni yangu."

"Yako aje?"

"Ni mimi nililima. Nilimuuzia Isaiah. Alisema ni ya nguruwe."

Bilhah alijipangusa mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Mimi nilisema," alianza. "Ilipoletwa nilienda ofisini nikiwa nimeibeba kwa sinia. Bursa mwenye anashika pesa ya shule aliniambia nioshe na magadi, nichemshe sana, niongeze vitunguu. Aliniambia mpishi akishindwa kuna wengine kwa geti."

"Mmepika kwa muda gani?"

"Hii ni wiki ya pili."

"Na wewe unakula?"

Macho ya Bilhah yalienda dirishani, kwenye mkebe wake wa plastiki wenye kifuniko cha bluu. Ndani yake, kupitia plastiki, mtu angeweza kuona ndizi za kupikwa na mboga ya chinsaga, safi, kijani kibichi.

Chepchirchir alimtazama yule mwanamke, mikono yake minene, midomo yake iliyopakwa mafuta, na kinyaa kikamjaa hadi kooni. Wiki mbili anawapakulia watoto wa watu kitu ambacho hawezi kukitia kinywani!

"Huoni aibu?" alimuuliza.

"Naona," alisema Bilhah. "Na wewe uliyeuza?"

Upepo ulileta moshi wa jikoni, na wote wawili wakageuza nyuso upande uleule.

Chini ya hema, wazazi walikuwa wameanza kuketi. Mwenyekiti wao, mzee Chepyegon, alikuwa akijaribu kipaza sauti. Mbele kulikuwa na meza ya wageni yenye kitambaa cheupe, maua ya plastiki na soda. Mwalimu mkuu alikuwa hapo, bursa alikuwa hapo, na mwishoni mwa meza, miguu imekunjwa, viatu vinang'aa, alikuwa Isaiah, kwa sababu mtu anayelisha shule ni mgeni wa shule.

Chepchirchir alipita katikati ya viti akiliburuta gunia, na Bilhah akiliinua kwa nyuma. Hakuna aliyemwomba Bilhah, alikuja tu. Walipofika mbele, Chepchirchir alishika pembe mbili za chini akalipindua gunia juu ya meza. Mahindi mazuri yalimwagika kwanza yakagonga chupa. Kisha yakafuata yale mengine, kwa mabonge, na wingu la vumbi likapanda likatua kwenye glasi, kwenye maua, kwenye tai ya mwalimu mkuu. Mama mmoja wa safu ya mbele alifunika mtoto wake uso.

"Mama, ni nini hii?" Chepyegon alisimama.

"Ni chakula ya watoto wetu, mzee. Ndiyo imechemka huko jikoni tuletewe sisi pia."

Isaiah alikuwa mwepesi. "Labda mama amechanganyikiwa. Gunia ni gunia, zinafanana zote."

"Hii kiraka ni sketi ya Dorine. Nilishona mimi. Hii mahindi ni yangu, Isaiah, na ulijua, na mimi nilijua."

"Sasa si unajisema mwenyewe? Si ni wewe uliniuzia?"

"Ndiyo nasema." Aliwageukia waliokaa chini ya hema. "Wazazi, mnanijua. Mimi ni bibi ya marehemu Aron. Nilizika mume wangu na kansa ya koo. Sista aliniambia kuvu ni sumu, haioshwi, haichemshwi. Nikaitoa kwa meza yangu. Halafu nikaiuza. Sikuuliza inaenda wapi kwa sababu sikutaka kusikia."

Kelele zikapanda. Wengine walimgeukia bursa, wengine Isaiah, na wengi walimgeukia yeye. Sauti moja ya kike ilisema waziwazi, "Shetani huyu." Kwenye safu za wanafunzi, Dorine alikuwa ameinamisha kichwa hadi magotini, na msichana wa kando yake alikuwa amesogeza kiti.

Chepyegon aliomba utulivu. Alikuwa mtu wa busara na alitaka mambo yaishe vizuri. Akasema githeri isipakuliwe, mkate na ndizi ziletwe kutoka sokoni, na jambo la bursa lishughulikiwe na bodi. Watu wakakubali. Kisha akasema, "Sasa hii mahindi yenyewe. Kutupa chakula ni dhambi. Mwenye ako na ng'ombe anaweza kuchukua."

"Itatokea kwa maziwa," mtu akapinga.

"Basi kuku."

"Wauzieni wapika busaa," mzee mmoja wa nyuma akasema, na hakuwa akifanya mzaha. "Kuna mama huko Chebunyo, Caren. Huyo hununua hata ile nyeusi."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Ilikuwa kauli ya maana. Ilikuwa kauli ambayo Chepchirchir mwenyewe angeitoa.

Hapo ndipo kitu kilipomfungukia, na hakikufunguka kama wazo, kilifunguka kama jipu. Mwaka baada ya mwaka alikuwa amejaza gunia la mwisho, lile jeusi, likaenda ng'ambo ya kijito. Na jioni baada ya jioni Aron alikuwa amevuka kijito hichohicho, akakaa kwenye duara la wazee kuzunguka chungu cha Caren, akanyonya kwa mrija mrefu mpaka giza lilipoingia. Alikuwa amemlisha mume wake mara mbili: nyumbani kwa mikono yake, na kwa Caren kwa mikono ya Caren. Na Sista Janeffer alipouliza kuhusu pombe, yeye akasema kidogo.

"Hapana," alisema. Kipaza sauti hakikuwa karibu naye lakini walimsikia. "Hiyo haiendi kwa Caren."

"Mama, umeshasema yako—" Chepyegon alianza.

"Haiendi kwa mdomo yoyote! Tunajifanya tunatupa, kumbe tunatafuta mdomo ingine. Ya mtu imeharibika, anapea ng'ombe. Ng'ombe ikikataa, mlevi. Mlevi akifa, tunachanga tunazika, tunarudi kulima."

Hakungoja kura. Nyuma ya mabweni kulikuwa na shimo lililochimbwa kwa ajili ya choo kipya. Alirudi stoo akaliburuta gunia la pili, na Bilhah akashika la tatu. Akina mama wakaanza kuja mmoja mmoja, wengine wakimnunia hata walipokuwa wakimsaidia. Walimwaga yote, na masufuria matatu ya githeri juu yake. Kile kishindo cha uji mzito ukiangukia mahindi, na mvuke uliopanda kutoka shimoni ukiwa na vitunguu na binzari ndani yake, vilimfanya Bilhah mwenyewe ainame pembeni na kutapika. Wanaume wakaja na mapauro wakafukia.

Bursa alihamishwa kabla ya mwaka kuisha; alihamia wapi, hakuna aliyeuliza. Isaiah aliacha mahindi kwa muda akauza viazi, na kwenye kwaya hakukosa Jumapili hata moja. Bilhah alibaki jikoni. Wazazi wawili sasa hufungua kila gunia linaloingia, hulichimba hadi chini, na siku moja Bilhah alimtumia Chepchirchir ujumbe kwa simu: walirudisha gari zima la mahindi.

Kwa Caren alienda mwenyewe. Alimkuta akianika mahindi meusi juu ya bati.

"Mimi sitaleta tena," Chepchirchir alimwambia.

"Nimesikia hotuba yako," alisema Caren bila kuinua kichwa. "Sasa unanionea kinyaa. Hii hapa ni ya jirani yako wa juu. Hii ni ya mwalimu wa Sunday school. Nikikataa, wataweka wapi?"

Wazee wawili waliokuwa wamewahi kufika walimsalimia Chepchirchir kwa heshima, "Chamgei, Mama Dorine," mirija ikiwa mikononi. Aliitikia, akaondoka haraka kabla chungu hakijafunuliwa.

Dorine alirudi likizo ya Desemba akiwa amenyamaza. Shuleni walikuwa wamembandika jina la Nguruwe. Hakula ugali, hakula githeri, hakugusa hata uji. Alikula viazi vitamu, ndizi, maharagwe na managu aliyokuwa akiyalalamikia zamani. Mama yake hakumlazimisha. Siku ya nne, wakiwa wamekaa mlangoni wakichambua maharagwe, msichana akasema, "Mama, si ungesema tu Isaiah alikuibia? Wangekuamini."

"Wangeniamini."

"Sasa kwa nini?"

"Ningebaki nayo tumboni."

Dorine aliokota punje ya haragwe iliyotoboka, akaitupa mbali.

"Na baba," akasema, "alikuwa anajua ile ya Caren ilikuwa yetu?"

Chepchirchir aliuangalia ungo. Angeweza kusema hapana, na ingekuwa rahisi kwao wote watatu, hata kwa marehemu.

"Ni yeye alikuwa anabeba," alisema. "Kwa baiskeli. Anaifunga na kamba nyuma, anaangalia vumbi imemkaa kwa shati, anacheka. Anasema, 'Wacha niipeleke mbele, jioni itanikaribisha.'"

Dorine alianza kucheka, kwa sababu sauti ilikuwa ya babake kabisa. Kisha akaufunika mdomo kwa viganja vyote viwili, na macho yaliyobaki juu ya vidole hayakuwa yakicheka. Mama yake akasogeza ungo kando, akamshika mgongo, akingoja kuona kama atatapika au atalia.